Ngozi ya Mikrobe na Utelezi wa Bidoni

Kila mtu anayechota maji kwa bidoni ajua jambo hili. Bidoni ikitumika majuma mengi, ukiingiza kidole katika shingo yake utagusa kitu chenye kuteleza, mfano wa ute wa samaki. Maji yenyewe yaonekana safi, hayana harufu, wala hayana takataka. Watu husuuza mara mbili tatu, humwaga, hujaza tena. Lakini utelezi wabaki pale pale. Utelezi huo ni kitu gani? Watoka wapi? Na sababu gani haukubali kuondoka kwa maji matupu? Hayo ndiyo maswali tunayotaka kuyajibu.

Jibu kwa kifupi ni hili: utelezi ule ni mji wa mikrobe. Wenye elimu wauita biofilmu. Sisi tutauita utando. Na mji huo haujengwi ovyo. Kazi yake huanza katika ngozi ya kila mikrobe, ile ngozi nyembamba inayotenga selula na maji ya inje, nayo huitwa membrani. Anayefahamu ngozi hiyo atafahamu vilevile sababu gani dawa ya maji mara nyingine yashindwa, na sababu gani burashi ni silaha kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Mikrobe ni za namna nyingi sana, na nyingi hazitudhuru. Hatuwezi kuzieleza zote. Tutachukua hasa mfano mmoja, mikrobe ya kolera, yaani kipindupindu, kwa jina la kilatini Vibrio cholerae. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wachunguzi wameichungua kwa bidii, na namna yake ya kujenga utando yajulikana vizuri. Ya pili, ugonjwa wake twaujua sana. Tangu miaka ya 1970 umefanya kikao pembeni ya maziwa yetu, Kalemie, Uvira na Goma. Wazee wangali wanakumbuka mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma kwa malaki. Wachunguzi walikadiria ya kuwa katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kwa kuhara damu.

1. Waliotutangulia waliona nini

Mtu wa kwanza kuona mikrobe zikikaa pamoja katika utando alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek. Mwaka wa 1683 alikwangua ukoga mweupe katika meno yake, akautazama kwa kioo alichokitengeneza mwenyewe, akaona viumbe vidogo vingi vyatembea. Tena aliona jambo la ajabu: siki iliua vile vilivyokuwa juu ya ukoga, lakini haikupenya mpaka ndani. Ukoga wa meno ni utando. Basi, tangu siku zile mtu alikwisha kuona neno lenyewe tunalotaka kulieleza: mikrobe iliyo katika kundi haifi upesi kama ile iliyo peke yake.

Mikrobe ya kolera yenyewe ilionwa na Filippo Pacini, munganga wa Firenze katika Italia, mwaka wa 1854. Watu wachache walimsikiliza. Miaka thelathini ilipita, na Mdachi Robert Koch akaikuta tena, Misri kwanza, kisha Calcutta katika Uhindi, mwaka wa 1883 na wa 1884. Ni mfano wa fimbo iliyopindika kidogo, na urefu wake ni kadiri ya elfu mbili ya milimeta. Ina mkia mmoja, nayo huogelea kwa mbio sana.

Muda mrefu waganga waliisoma mikrobe ikiogelea peke yake katika chupa ya mchuzi. Lakini katika mito, katika maziwa na katika vyombo vyetu, mikrobe nyingi hazikai hivyo. Zashikamana na jiwe, na mti, na plastiki, na wadudu wa maji, kisha zajifunika kwa ute. Kuogelea ni safari. Utando ndio makao.

2. Ngozi yenyewe imefanywa namna gani

Tutazame sabuni kwanza. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ngozi ya selula imefanywa kwa chembe za namna hiyo hiyo. Zimejipanga safu mbili: vichwa vyaelekea maji ya ndani na maji ya inje, mikia ya mafuta yaelekeana katikati. Hakuna fundi anayezipanga. Mafuta yachukia maji, nayo yajificha yenyewe. Unene wa safu hizo mbili pamoja ni kadiri ya nanometa nne ao tano. Na nanometa ni sehemu moja ya milimeta iliyokatwa mara milioni.

Mikrobe ya kolera haina ngozi moja tu, ina ngozi mbili. Ngozi ya ndani yashika uzima wa selula. Katikati pana ukuta mwembamba unaoipa umbo lake. Ngozi ya inje ni ngao. Na upande wake wa inje umepandwa mafuta ya pekee, yenye minyororo ya sukari inayosimama kama majani ya mbuga. Ndani ya ngozi hizo mna vitu vingi vya proteini: milango, pampu, mitambo na vipokezi vya habari. Mtu asifikiri basi ya kuwa ngozi ni gunia tu la kufunga vilivyomo. Ngozi ni lango, ni mkono, na ni sikio la selula.

3. Namna ngozi inavyoongoza kazi ya kujenga utando

Jambo la kwanza ni umeme. Ngozi ya inje ya mikrobe ina umeme wa namna ya kukana, na mawe, vioo na plastiki ndani ya maji mara nyingi vina umeme wa namna ile ile. Wenye kusoma fizika wajua ya kuwa vitu viwili vyenye umeme wa namna moja vyasukumana. Basi mikrobe ikikaribia ukuta wa bidoni yasukumwa nyuma. Itashindaje? Kwanza, maji yenye kalsiamu na manyesiamu husaidia, sababu chembe hizo zina umeme wa namna nyingine, nazo hupunguza nguvu ile ya kusukumana. Kisha mikrobe hutumia mkia wake na nywele zake.

Mkia huzunguka kama pangaboi la motoboti, na mtambo wake umepandwa katika ngozi. Nguvu yake yatoka wapi? Mikrobe yapiga pampu na kutoa inje chembe za sodiamu, zile zilizomo katika chumvi. Zikisongamana inje, zatafuta njia ya kurudi ndani, na njia moja yapita katika mtambo wa mkia. Zinapopita, zauzungusha. Ni mfano wa ukingo wa maji pale Ruzizi karibu na Bukavu: maji yazuiwa upande mmoja, kisha yapitishwa kwenye mashine, nayo yaleta umeme. Ngozi ya ndani ndiyo ukingo. Ukingo ukitoboka, mtambo wasimama.

Kwa nguvu hiyo mikrobe yafika karibu kabisa na ukuta. Hapo nywele zake nyembamba, nazo zimepandwa katika ngozi, zaanza kugusa. Zagusa, zaachia, zagusa tena. Siku nyingine mikrobe yaenda zake. Lakini nywele zikishika vizuri, mkia watulia, na mikrobe imepata kiwanja chake.

Jambo la pili ni ulaini wa ngozi. Kila mtu aliyenunua mafuta ya ngazi ajua ya kuwa kule Uvira na Kalemie, wakati wa joto, yatiririka kama maji, lakini asubuhi ya baridi pale Bukavu yashikamana ndani ya chupa. Mafuta ya ngozi ya mikrobe yana tabia hiyo hiyo. Baridi yayafanya magumu, joto layalainisha. Yakiwa magumu mno, milango haifunguki vizuri wala mitambo haiendi. Yakiwa laini mno, ngozi yavuja. Kwa hiyo mikrobe yabadili mafuta yake kila mara. Katika baridi yatia mafuta yanayoyeyuka upesi. Katika joto yatia yale yanayoshikamana.

Jambo hili lahusu utando pia. Mwaka wa 2016 wachunguzi wa inchi ya Ufaransa walipima mafuta ya mikrobe za namna nne zenye kudhuru watu, kati yao ile ya majipu na ile ya salmonela. Waliona ya kuwa mikrobe zinazoishi katika utando zina mafuta magumu mengi zaidi ngozini kuliko zile zinazoogelea. Ndiyo kusema, zikihama kutoka maisha ya safari kuingia maisha ya mji, zavaa ngozi iliyokazwa.

Jambo la tatu ni kusikia. Ndani ya selula mna kijumbe kidogo, chembe ambayo wenye elimu waiandika c-di-GMP. Moshe Benziman na wenzake waliivumbua mwaka wa 1987, katika mikrobe nyingine inayotengeneza selulozi. Kijumbe hicho kikiwa kichache, mikrobe yaogelea. Kikiwa kingi, mkia watulia na ute waanza kutengenezwa. Na wengi wa mafundi wanaokitengeneza ao kukivunja wamepandwa katika ngozi ya ndani. Hupokea habari za inje na kugeuza kazi za ndani. Mwaka wa 2015 ilionyeshwa ya kuwa mikrobe ya kolera ikitiwa katika baridi, kijumbe hicho chaongezeka, na utando waongezeka pamoja nacho.

Tena, katika ngozi mna vipokezi vya kuhesabu wenzao. Kila mikrobe hutoa chembe fulani majini, na wakiwa wengi, chembe zajaa. Vipokezi vyapata habari ya kuwa kundi limekuwa kubwa. Wachunguzi kama Bonnie Bassler wa Princeton katika Marekani wameonyesha neno la pekee juu ya mikrobe ya kolera. Mikrobe nyingine hungoja zikiwa nyingi ndipo zijenge. Hii hujenga ikiwa chache, na ikiwa nyingi sana huvunja na kuondoka. Kwa ugonjwa wake desturi hiyo yaifaa: yaingia tumboni ikiwa kundi lililofungwa vizuri, yaongezeka katika matumbo, kisha yatoka kwa malaki kwenda kutafuta mtu mwingine.

4. Mji wakamilika

Mikrobe ikiisha kushika kiwanja, yaanza kupitisha inje, kwa njia ya ngozi zake mbili, minyororo mirefu ya sukari. Huo ndio udongo wa nyumba. Pamoja na sukari hiyo yatoa proteini, kila moja na kazi yake. Moja yaitwa RbmA: yafunga selula na selula, kama kamba inavyofunga miti ya boma. Nyingine, Bap1, yashikamanisha kundi zima na ukuta. Ya tatu, RbmC, yasaidiana na Bap1 na sukari kufanya mfuko unaozunguka makundi. Selula mama ikizaa, watoto hawaendi mbali. Wabaki ndani ya mfuko. Hivyo kikundi chakuwa kijiji, na kijiji chakuwa mji.

Ndani ya maziwa na mito mji huo hupenda kujengwa juu ya wadudu wadogo sana wa maji, walio jamaa ya kamba na kaa. Gamba lao ni la kitini, nayo ni chakula cha mikrobe ya kolera. Katika kikao hicho mikrobe hupata hata uwezo wa kuokota vipande vya urithi vya mikrobe nyingine na kuvitia katika urithi wake. Jambo hili ni la hatari, sababu urithi ulioazimwa hivyo waweza kuleta nguvu ya kushinda dawa. Pale Goma, mwaka wa 1994, waganga waliona ya kuwa mikrobe ya kolera haikuogopa tetrasiklini. Kwa hiyo wokovu wa wagonjwa ulikuwa hasa maji yenye chumvi na sukari waliyonyweshwa, na serumu waliyotiwa katika mshipa.

5. Sababu gani dawa na tumbo hushindwa

Sasa twaweza kufahamu kile alichokiona Leeuwenhoek. Klorini, ile iliyo katika maji ya Javel na katika vidonge vya kusafisha maji, huua mikrobe kwa kuunguza ngozi yake na vitu vilivyomo. Mikrobe ya kolera inayoogelea peke yake hufa upesi kwa klorini. Lakini klorini haichagui. Yaunguza kila kitu cha uhai inachokikuta, nao ute ni kitu cha namna hiyo. Basi nguvu ya dawa yaliwa na ute wa juu, na mikrobe za chini zabaki salama. Wachunguzi wamekuta hata aina za mikrobe ya kolera zenye kutoa ute mwingi kupita desturi. Zikioteshwa, makundi yao yana makunyanzi, nazo zaweza kuishi katika maji yenye klorini inayoua wenzao.

Vivyo hivyo katika mwili wa mtu. Tumbo lina asidi kali, nayo ni mlinzi wetu wa kwanza. Mikrobe za kolera zikifika moja moja, nyingi hufa. Zikifika katika donge la utando, zile za ndani hupita. Chini ya tumbo zakuta nyongo, na kazi ya nyongo ni kuyeyusha mafuta. Na ngozi ya mikrobe, tumekwisha kusema, ni mafuta. Hapo mikrobe hutumia milango yake. Kipokezi kimoja cha ngozi ya ndani, kiitwacho ToxR, chapata habari ya nyongo, kisha chaamuru milango ya ngozi ya inje ibadilishwe: milango ya namna moja yapunguzwa, na mingine, iitwayo OmpU, inayozuia nyongo vizuri zaidi, yaongezwa. Tena nyongo yenyewe yaihimiza mikrobe kutengeneza utando. Kile kilichowekwa kuwa silaha chageuka kuwa tarumbeta ya kuwakusanya adui.

6. Basi, tufanye nini?

Tusiseme ya kuwa kila utelezi wa bidoni una kolera ndani yake. Mara nyingi ni mikrobe zisizodhuru mtu. Lakini mji uliokwisha kujengwa waweza kumpokea mgeni mbaya, na kumficha. Kwa hiyo maarifa haya ya ngozi na utando yatufundisha mambo manne wazi, hasa sisi tunaoishi wengi katika nyumba moja na kunywa katika pipa moja.

La kwanza: kusugua kwatangulia dawa. Utando wavunjwa kwa nguvu ya mkono, si kwa kusuuza. Pipa lasuguliwa kwa burashi na sabuni. Bidoni yenye shingo nyembamba, ambamo mkono hauingii, yatiwa changarawe safi pamoja na maji ya sabuni kidogo, yatikiswa kwa nguvu, yamwagwa, yasuuzwa mpaka utelezi uishe. Nyuma ya hapo ndipo klorini yapata kazi yake ya haki.

La pili: dawa itiwe kadiri ilivyoandikwa juu ya chupa ao kifungashio, sababu chupa za Javel hazina nguvu moja. Maji yenye tope yaachwe yatulie kwanza na kuchujwa, kwa kuwa tope nalo lala dawa. Ingojwe nusu saa mbele ya kunywa. Dawa ikiisha kufanya kazi, yafaa ibaki klorini kidogo ya kulinda maji yaliyowekwa nyumbani. Kipimo kinachoshauriwa ni miligramu 0.2 mpaka 0.5 katika litri moja. Asiye na dawa achemshe maji, kisha ayaweke katika chombo kilichosuguliwa. Kuyarudisha katika bidoni yenye utelezi ni kuharibu kazi na makala pamoja.

La tatu: kuchuja si upuuzi. Katika Bangladesh Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijiji kuchuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari, kilichokunjwa mara kadhaa. Nyuzi kuukuu zimelegea na kujaza matundu, kwa hiyo chazuia vizuri kuliko kipya. Mwaka wa 2003 walitangaza ya kuwa kolera ilipungua karibu 48 kwa mia. Sababu gani, na mikrobe ni ndogo kuliko tundu lo lote la kitambaa? Sababu nyingi hazisafiri peke yake. Zimeshikamana na wadudu wale wa maji na madonge ya utando, na hao hawapiti. Lakini zile zinazoogelea zapita. Basi kitambaa chapunguza hatari, hakiiondoi. Nyuma yake moto ao klorini.

La nne: chombo kifunikwe, na maji yachotwe bila mikono kuingia ndani. Mji uliobomolewa leo hujengwa tena kesho, kama wajenzi wakiletwa kila siku kwa vidole vyetu. Ndiyo maana kusugua si kazi ya siku ya wageni tu, ni kazi ya kila juma.

Mikrobe ya kolera haina akili wala shauri. Ina ngozi ya mafuta yenye unene usiofikirika, na ngozi hiyo yatosha kuipa mikono, masikio, milango na udongo wa kujengea. Nguvu yake yote ni kwamba imewahi kukaa mahali ambapo hakuna aliyeisumbua. Tuliye na macho ya kuona utelezi, na mkono wa kushika burashi, hatuna sababu ya kuiachia mahali pale.